Mbwa Aliyekataa Kufa, na Ng'ombe wa Shosho

Popi si jina, ni uvivu wa watu wa ploti. Alipoletwa akiwa mdogo kila mtu alimwita papi, akakua, akazaa mara mbili, na jina likabaki hapo hapo. Hana mwenyewe. Soja wa geti humpa ugali, mama wa kibanda humpa mifupa, mimi humpa stori. Mwaka jana mwezi wa tano akaanza kutoa damu nyuma, matone matone, kwenye ngazi. Tukasema ni joto la kutafuta dume, itaisha. Wiki tatu haikuisha. Keateka akasema huyu mbwa ni mgonjwa na ataongea na watu wa kanjo waje wammalize kabla hajaambukiza watoto.

Nilienda agroveti, nikaeleza, nikauziwa dawa ya minyoo. Nikarudi baada ya wiki, nikauziwa antibayotiki. Damu ikaendelea. Mwishowe nikamweka Popi kwenye gunia la viazi, kichwa nje, tukapanda boda hadi kwa daktari wa mifugo, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Alivaa glavu, akawasha tochi, akainua mkia. Ndani kulikuwa na nyama nyekundu iliyoota kama koliflawa.

"Hii ni TVT," akasema. "Ni saratani. Lakini si yake."

"Si yake kivipi, daktari?"

"Si yake, kijana. Ni ya mbwa mwingine. Alikufa kitambo sana. Huyu amebebeshwa tu."

Nilidhani ananichezea. Akaosha mikono, akaniambia sindano ni 2,500, moja kwa wiki, na zitahitajika nne mpaka sita. Nilipokuwa bado napiga hesabu kichwani akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikamwambia Muguga. Akacheka kidogo. "Basi unajua habari za seli zisizokufa. Nyinyi ndio wenye ndigana."

Hapo ndipo nilipoacha kufikiria Popi na kuanza kufikiria Karembo.

Karembo alikuwa ng'ombe wa shosho yangu. Wa gredi, mweusi na mabaka meupe, lita 14 kwa siku akiwa na mood nzuri. Hakuwahi kutoka zizini. Shosho alimletea kila kitu, maji, machicha, nyasi za kukata kando ya barabara. Maziwa yalienda koparativu, na pesa za koparativu zikaja kwangu kwa M-Pesa, nikalipa karo. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, baiyokemia. Februari moja shosho akapiga simu kwamba Karembo ana tezi chini ya sikio, imevimba kama yai la bata. Siku ya tatu hali kitu. Siku ya nane anapumua kama mtu amepanda mlima, na povu jeupe linatoka puani. Dawa ilipatikana siku ya kumi, chupa ndogo ya bei kubwa, na aliyeidunga alikuwa mkweli: akasema imechelewa. Karembo alilala chini usiku huo na hakuamka. Kupe alikuja na zile nyasi za barabarani.

Semista iliyofuata sikujisajili. Niliambia marafiki narudi Septemba. Zimepita Septemba nne.

Sasa, jambo lililonikera siku ile kwa daktari, na bado linanikera, ni hili: chanjo ya ugonjwa uliomuua Karembo ilitengenezwa Muguga. Si mji wenye jina kama Muguga. Muguga yenyewe, ng'ambo ya barabara kutoka kwa shosho, nyuma ya ile miti, mahali tulipokuwa tukipita tukienda kuokota kuni. Duniani kote wanasayansi huiita kokteli ya Muguga. Na shosho, ambaye ameishi pale miaka sabini na kitu, hakuwahi kuisikia. Nikaanza kusoma. Nina muda, mimi si mwanafunzi.

Waingereza huuita ugonjwa huu homa ya pwani ya mashariki. Pwani yenyewe ni hii yetu, na jina lilitolewa mbali sana, kama jirani anayekuita kwa kosa lako. Ili kuelewa lazima uanze na sotoka. Sotoka iliingia Afrika kupitia Massawa, Eritrea, mwaka 1887, na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Waitaliano. Ikashuka. Kufikia 1891 ilikuwa imepita nchi hii na kuua ng'ombe wengi kiasi kwamba Wamaasai bado wanaikumbuka miaka ile kwa neno moja, Emutai, maana yake kumalizwa. Mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi. Nyuma yake kukabaki nchi bila maksai wa kuvuta magari wala ng'ombe wa maziwa, halafu Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 vikala waliobaki. Walowezi wa Rhodesia wakahitaji ng'ombe haraka. Wakanunua kwingi, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki, wakawapitisha bandari ya Beira. Ng'ombe wale wa pwani walionekana wazima. Walikuwa wameugua wakiwa ndama na kupona, kama wazee wao. Lakini masikioni walibeba kupe. Ng'ombe karibu elfu moja wa Cecil Rhodes, walioletwa kutoka Australia wakapumzishwa Beira, wakaisha karibu wote.

Serikali ya Rhodesia ikaita mtu mkubwa kuliko wote, Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Koch alikuwa tayari amekutana na kimelea hiki. Mwaka 1897, akiwa Dar es Salaam, aliona vidoa vidogo kwenye damu ya ng'ombe akadhani ni hatua ya ugonjwa mwingine, akaendelea na safari. Alipofika Rhodesia mwaka 1903 alielewa kwamba huu ni ugonjwa mpya kwa sayansi, akaona pia vitu vya buluu ndani ya seli za tezi, ambavyo mpaka leo vitabu huviita kwa jina lake. Halafu akakosea vibaya. Alishauri wafugaji wawadunge ng'ombe wazima damu ya ng'ombe waliopona, mara kwa mara, kwa miezi. Watu wakadunga. Ng'ombe wakaendelea kufa, kwa sababu damu ya aliyepona haiambukizi na haikingi. Nampenda Koch zaidi kwa kosa hili kuliko kwa ile Nobel ya 1905, sijui kwa nini.

Waliotegua kitendawili walikuwa wawili waliokuwa Afrika Kusini: Arnold Theiler, daktari wa mifugo Mswisi aliyekuwa Pretoria na aliyepoteza mkono mmoja kwenye mashine ya shamba, na Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu. Lounsbury alionyesha mwaka 1904 kwamba mbebaji ni kupe wa kahawia wa masikioni. Kupe huyu hunyonya mara tatu maishani, kila mara kwa mnyama mwingine, na hubeba ugonjwa kutoka mlo mmoja hadi unaofuata tu. Hampi mtoto wake kupitia yai. Theiler akakipa kimelea jina la kidogo, parva, na baadaye wenzake wakakipa jina lake yeye: Theileria parva. (Mwanawe, Max, ndiye aliyepata Nobel ya 1951 kwa chanjo ya homa ya manjano. Familia zingine zinarithi mashamba.)

Ukishajua ni kupe, unajua la kufanya: osha ng'ombe. Ndiyo asili ya josho, ule mfereji wa saruji ambao ng'ombe anarushwa upande huu anatokea upande ule akiwa amelowa dawa, zamani ikiwa ni aseniki. Afrika Kusini waliosha, wakazungushia nyaya, wakachinja, na katikati ya miaka ya 1950 wakaumaliza ugonjwa kabisa. Hapa Kenya josho lilikuja na mambo yake. Karantini za mkoloni zilifunga ng'ombe wa Waafrika ndani ya riza huku ng'ombe wa mzungu wakilindwa, na mtu akikwambia zile karantini zilikuwa za afya peke yake, muulize nani alikuwa anauza maziwa.

Kuna kitu Wamaasai walikijua ambacho wenye hadubini walichukua muda kukikubali. Wao huuita oltikana. Ndama wa kienyeji akiugua mdogo, wengine hufa, wengi hupona, na aliyepona haugui tena ugonjwa ule ule. Kwao ulikuwa kama surua. Uligeuka balaa ulipokutana na ng'ombe wa Ulaya, ambaye damu yake haijawahi kuusikia. Na ng'ombe wa Ulaya aliletwa kwetu kwa mpango. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilitoa Mpango wa Swynnerton: Mwafrika apewe hati ya shamba, aruhusiwe kulima kahawa na chai, afuge ng'ombe wa gredi. Ndio Kiambu ikajaa zizi na mtungi. Karembo alikuwa mjukuu wa mpango huo, kwa namna ya kusema. Alikuwa mashine ya maziwa iliyotengenezwa bila breki.

Kwa hivyo maabara zikawa za lazima. Kabete ndiyo ilianza, mapema kwenye karne ya 20, na kama hujawahi kujivunia Kabete hebu fikiria kwamba homa ya Bonde la Ufa ilielezwa na watu wa pale mwaka 1931, na homa ya nguruwe ya Afrika, ile inayomaliza nguruwe wa Uchina na Ulaya siku hizi, ilielezwa mara ya kwanza na Montgomery mwaka 1921 kutokana na kazi yake Kenya. Baada ya Vita vya Pili ikaongezwa Muguga, taasisi ya Afrika Mashariki nzima: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zikichangia. Pale ndipo Walter Plowright na wenzake walipokuza kirusi cha sotoka kwenye seli za figo za ndama, wakakipitisha mara nyingi hadi kikasahau kuua lakini kikabaki kinafundisha mwili. Kirusi chenyewe kilitokana na aina ya zamani ya Kabete. Chanjo hiyo, iliyoelezwa mwaka 1962, ndiyo mama wa zile zilizofuta sotoka duniani. Mara ya mwisho sotoka kuonekana popote ilikuwa kwa nyati wa hifadhi ya Meru, mwaka 2001. Tangazo la kuisha likatolewa 2011. Binadamu amewahi kufuta magonjwa mawili tu: ndui na sotoka. Moja lina jasho la Muguga ndani yake. Sikuwahi kufundishwa hilo shuleni, na shule yangu ya msingi ilikuwa umbali wa kutupa jiwe. Sawa, mawe mawili.

Ndigana kali ilikuwa ngumu zaidi, na sababu ndiyo inayoturudisha kwa Popi.

Vimelea vingi huingia kwenye seli, huila, huipasua, hutoka. Theileria hana haraka hiyo. Kupe akishamtema kwenye ngozi ya ng'ombe, anaingia ndani ya chembe nyeupe ya damu, ile ambayo kazi yake ni kulinda mwili, na hapo anakaa kama abiria wa siti ya nyuma anayemwelekeza dereva. Anaifanya seli ianze kugawanyika, mbili, nne, nane. Seli inapojigawa kuna nyuzi ndogo zinazovuta kromosomu kila upande, na yeye hujishikilia kwenye nyuzi hizo, ili seli ikikatika katikati naye akatike, kila mtoto arithi kipande. Seli haizeeki tena. Zinajaa kwenye tezi, ndiyo lile yai chini ya sikio, kisha zinaingia mapafuni, na ng'ombe anazama ndani ya maji ya mwili wake mwenyewe. Lile povu.

Mwaka 1970 watafiti watatu wa Muguga, Malmquist, Nyindo na Brown, waliripoti kwamba wamefaulu kukuza seli hizi kwenye chupa. Kimelea kiliishi ndani ya maabara, na seli ziliendelea kugawanyika bila kikomo kama zile za saratani. Mwaka 1975 Irvin na wenzake wakachapisha kazi nyingine: walipandikiza seli za ng'ombe zenye Theileria kwenye panya wasio na kinga, wakalinganisha na seli za saratani halisi ya ng'ombe. Zote mbili ziliota. Uvimbe kwa uvimbe.

Tofauti ni moja na mimi huiona ya ajabu hadi leo. Ukiipa seli ile dawa inayoua kimelea, buparvakwoni, yaani ile chupa ndogo ya bei kubwa, kimelea kinakufa na wazimu unaisha. Seli inaacha kugawanyika ovyo. Inakumbuka kuzeeka. Ni kama saratani yenye swichi. Watu wa saratani za binadamu huisoma Theileria kwa sababu hiyo, na mwaka 2005 jenomu yake ilipochapishwa kwenye jarida la Science, aina iliyosomwa iliitwa Muguga. Lile jina ambalo makanga hulipigia kelele pale stage limo kwenye Science. Manze.

Chanjo yenyewe ilikuja kwa njia ya kienyeji, karibu niseme ya Kimaasai. Ilishindikana kudhoofisha kimelea kama sotoka ilivyodhoofishwa. Basi Radley na wenzake pale Muguga, kwenye miaka ya 1970, wakachukua kimelea kizima, kikali, wakamdunga ng'ombe, na saa ile ile upande wa pili wakamdunga oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu. Dawa inakishika kimelea mkono kisikimbie, mwili unapata nafasi ya kukijua, ng'ombe anaugua kidogo au hata haonyeshi, na baada ya hapo ana kinga ya miaka. Mpe ugonjwa na tiba pamoja. Wakachanganya aina tatu: Muguga, Kiambu na moja ya nyati wa Serengeti. Hiyo ndiyo kokteli.

Utengenezaji wake ni kichekesho mpaka uone hesabu. Unaambukiza ng'ombe, unawawekea kupe wachanga wanyonye, kupe wanakua, unawalisha tena kwenye masikio ya sungura ili kimelea kikomae, halafu unawasaga. Maelfu kwa maelfu ya kupe, wanasagwa. Supu hiyo inagandishwa kwenye mirija myembamba ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi karibu 200 chini ya sifuri.

Halafu nini? Halafu siasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na taasisi ya pamoja ikabaki ya nchi moja. Wataalamu wetu waliogopa, na hofu yao haikuwa ya kijinga: unadunga kimelea hai, aina ya kigeni inaweza kubaki kwenye ng'ombe, ikabebwa na kupe wa hapa, ikachanganyika na za hapa. Kenya ikasita miaka mingi, ikajaribu aina zake yenyewe kama ile iliyokusanywa Marikebuni, pwani. Tanzania haikusubiri. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wafugaji wa kaskazini, Wamaasai hasa, walianza kuchanja ndama kwa pesa zao, kila aliyechanjwa akavishwa hereni, na sokoni ng'ombe mwenye hereni akawa na bei juu. Siku hizi kokteli ya Muguga inatengenezwa Lilongwe, Malawi.

Wakati huo huo majosho ya serikali hapa kwetu yalikuwa yanakufa. Kwenye miaka ya 1990 yaliachiwa kamati za wafugaji, dawa ikakosa hela, mengi yakageuka mashimo ya nyasi. La kwetu watoto walikuwa wanachezea ndani. Nilikuwa mmoja wao.

Na hata mahali chanjo inaporuhusiwa, kuna lile tatizo la mrija. Mrija mmoja ukiyeyushwa unatoa makumi ya dozi, na lazima ziishe ndani ya saa chache. Mfugaji wa Simanjiro mwenye ndama 60 anaita mtaalamu asubuhi, wanamaliza kabla ya chakula cha mchana. Shosho ana ng'ombe mmoja. Nani atabeba mtungi wa naitrojeni mpaka kwake, ayeyushe dozi arobaini, atumie moja, amwage nyingine? Nilitafuta mwovu kwenye hadithi hii muda mrefu, nikitaka mtu wa kumlaumu kwa karo yangu. Nikapata mrija.

Turudi kwa mbwa.

Daktari mmoja wa mifugo wa London, Delabere Blaine, aliandika kuhusu uvimbe wa aina hii kwa mbwa mwaka 1810. Lakini wa maana ni Mstislav Novinsky, kijana wa St. Petersburg, ambaye mwaka 1876 alikata kipande cha uvimbe wa mbwa mmoja akakipandikiza kwa mwingine, kikaota. Alikuwa wa kwanza kuhamisha saratani kwa mafanikio kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Daktari wa mbwa, si wa watu. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Anton Sticker alirudia majaribio hayo kwa upana zaidi, na uvimbe ukapata jina lake kwa muda.

Ubishi uliofuata ulikuwa: ni kirusi kinachofanya kila mbwa apate saratani yake, au ni seli zenyewe zinazohama? Dokezo lilikuwepo. Seli ya mbwa ina kromosomu 78. Seli za uvimbe huu zina kati ya 57 na 59, na zinafanana, iwe mbwa ni wa Japani au wa Marekani. Lakini uthibitisho ulisubiri mwaka 2006, pale Claudio Murgia, Robin Weiss na wenzao wa London walipolinganisha jeni za uvimbe na jeni za mbwa aliyeubeba. Hazikulingana. Uvimbe ulifanana na uvimbe mwingine, wala haukufanana na mwenye mwili. Na mbwa waliotumika kwenye kazi hiyo walitoka Italia, India na, ndiyo, Kenya. Mbwa fulani wa hapa kwetu, pengine asiye na mwenyewe kama Popi, yumo kwenye ushahidi.

Kwa hivyo daktari hakunichezea. Kulikuwa na mbwa mmoja, Asia, miaka kati ya 4,000 na 8,500 iliyopita, kwa hesabu ya utafiti wa 2019 uliokusanya uvimbe 546 kutoka nchi 43. Alipata saratani, kama mbwa yeyote. Kabla ya kufa akapanda mwenziwe. Seli zikahama, zikaota kwa huyo mwenziwe, naye akapanda mwingine, na hazijawahi kusimama. Zilivuka kwenda Amerika miaka kama 500 iliyopita, enzi za meli za Wazungu. Zikichoka huiba: watafiti wamekuta mitokondria, vile vijitambo vinavyozalisha nguvu ndani ya seli, vilivyonyakuliwa kutoka kwa mbwa waliozibeba njiani. Piramidi hazikuwa zimejengwa, au zilikuwa changa, na kipande cha mbwa yule kilikuwa hai, kama kilivyokuwa hai chini ya mkia wa Popi kwenye ngazi za ploti yetu.

Theileria ni mgeni anayeifanya seli ya mwenyeji iwe saratani. Hii ya Popi ni saratani iliyogeuka kuwa mgeni. Nilimwambia daktari hivyo wiki ya pili, nikitaka asifu akili yangu. Akasema, "Shika miguu vizuri."

Alikuwa na haki. Dawa inaitwa vinkristini na lazima iingie ndani ya mshipa. Ikimwagika pembeni inaozesha nyama. Alivaa glavu mbili, akaniambia mjamzito yeyote asiguse mkojo wa mbwa siku zile. Inatoka kwenye ua, lile la pinki lenye majani ya kung'aa ambalo wauza miche wa kando ya barabara huliuza kama pambo, asili yake Madagaska. Wakanada Noble na Beer walikuwa wanalichunguza kwa ajili ya kisukari. Sukari haikushuka, chembe nyeupe za panya ndizo zilishuka. Kutoka hapo, mwaka 1958, ikapatikana dawa ya kwanza, kisha vinkristini ikaruhusiwa Marekani mwaka 1963, na watoto wenye saratani ya damu waliokuwa wakifa karibu wote wakaanza kupona wengi. Uvimbe huu wa mbwa huitikia dawa hiyo kuliko saratani nyingi. Mbwa tisa kati ya kumi, au zaidi, hupona kwa sindano chache.

Sindano ya kwanza niliilipa mimi. Ya pili nilipitisha kofia kwenye ploti. Mama wa kibanda alitoa 500, soja 100, keateka akasema ataona. Ya tatu nikauza simu yangu ya zamani. Wiki ya tatu damu ilikatika. Wiki ya tano daktari akamulika tochi akasema palipokuwa na koliflawa pamebaki alama. Akaongeza moja ya mwisho kwa usalama, na akatushauri Popi afungwe kizazi, maana mbwa anayepandwa na kila dume wa mtaa ataletewa tena. Tunachanga.

Nilimweleza shosho yote haya Desemba, jikoni, yeye akichambua maharagwe. Akasikiliza Koch, akasikiliza Theiler, akanyamaza kwenye kupe waliosagwa. Nilipofika kwa Popi akauliza sindano zote zilinigharimu ngapi. Nikataja. Akahesabu kwa vidole kwa Kikuyu.

"Na ile chanjo ya ng'ombe ni pesa ngapi?"

Nikamwambia sijui hapa itakuwa ngapi, lakini si nyingi, shida ni lazima ng'ombe wawe wengi siku moja. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini.

"Koparativu tuko watu 60," akasema.

Mwezi wa pili walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa, ndama 43. Daktari wangu ndiye aliyenipa namba ya mtu mwenye mtungi. Niliandika majina na uzito wa kila ndama kwenye daftari, kwa sababu dawa hupimwa kwa kilo, na mtu mmoja akaniita daktari nami sikumsahihisha. Mtamba mpya wa shosho alikuwa wa 17. Alilia kidogo kwenye sindano na sana kwenye hereni. Shosho alitaka kujua kama hereni inaweza kuhamishwa sikio la kushoto, maana upande wa kulia ndio anaomshika akimkamua. Nikaambiwa haiwezekani. Bado hajaridhika.